Neno refu la Kiholanzi: tafuta mishono kwanza, silabi baadaye

Mwaka wangu wa kwanza Uholanzi, mtoto wa wenyeji wangu alishikwa na homa saa nne usiku, wazazi wake wakiwa safarini. Karatasi iliyobandikwa kwenye friji ilisema kwamba baada ya saa za kazi za daktari tuende *huisartsenpost*, kituo cha daktari wa zamu. Nikatoka kumwuliza jirani ni wapi. Nililisoma neno kama ningesoma la kwetu: hui-sar-TSEN-post, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mama wa watu akanikodolea macho. Nikarudia, polepole na kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu. Mwishowe akaomba karatasi, akaisoma, akacheka: “O, de HUISartsenpost!”

Herufi zilikuwa zilezile. Yeye alikata pengine na kukaza pengine.

Ajabu ni kwamba sisi si wageni wa maneno marefu. Mtoto wa shule ya msingi anakisikia kitenzi “wasingalitusimulia” na anajua bila kufundishwa wapi pana *wa*, wapi pana *si*, wapi pana *tu*. Kinachotuponza kwenye Kiholanzi ni mazoea matatu: silabi zetu huishia kwa irabu, mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno letu kuu hutangulia. Kiholanzi kimegeuza yote matatu. Ukianza kwa kukata silabi umekwisha potea. Anza na mishono, yaani pale maneno mawili yaliposhonwa yakawa moja.

Alama nitakazotumia ni hizi: mstari wima (|) ni mshono, kistari (-) ni mpaka wa silabi, herufi kubwa ni mkazo. Ritifaa (') inasimama badala ya ile e hafifu ya Kiholanzi, kama mtu aliyeanza kusema *e* akaghairi. Pale tu nitakapoandika ng' ndipo ritifaa ni ile tuliyoizoea ya ng'ombe.

Hatua ya 1: Anzia mkiani

Kichwa cha neno la Kiholanzi kiko mkiani. Sisi tunasema “bima ya afya”, bima ikitangulia. Wao wanasema *zorgverzekering*: zorg ni matunzo, verzekering ni bima, na bima imekaa mwisho. Vipande vyote vya mbele kazi yake ni kueleza hicho cha mwisho.

Kwa hiyo funika neno kwa kidole, kisha fichua kutoka kulia mpaka upate neno unalolijua. Chukua *kinderopvangtoeslag*, linaloonekana kwenye barua za wazazi wengi. Fichua mkia: *toeslag*, ruzuku. Endelea: *opvang*, malezi ya mchana. Kilichobaki: *kinder*, watoto. Ruzuku ya malezi ya watoto. Umeona? Kila mshono unapokea -a unganifu yetu, na ukisoma kinyumenyume tafsiri inajipanga yenyewe.

Mkia huohuo ndio unaoamua kama neno ni la *de* au *het*, vile vijineno viwili vinavyotangulia nomino. Het huis (nyumba), de deur (mlango), kwa hiyo de huisdeur. De stad (mji), het huis, kwa hiyo het stadhuis. Kwetu “mwanajeshi” hufuata ngeli ya mwana wala si ya jeshi. Ni jambo lilelile, ila limetazama upande wa pili.

Hatua ya 2: Itambue gundi

Mara nyingi kati ya vipande viwili hupakwa gundi: -s-, -en-, -e-, au mara chache -er-. Gundi haina maana yake yenyewe, na daima hubaki upande wa kushoto wa mshono. *Verblijfsvergunning*, kibali cha ukaazi, ni verblijfs|vergunning. Usiibebe s kwenda kulia ukapata “svergunning”, kwa maana hakuna kitu kama hicho.

Kipande kikiishia na -ing, -heid, -teit au -schap, tarajia s mara moja: inburgerings|examen, gezondheids|zorg, universiteits|bibliotheek. S hiyo ni kama bango la barabarani linalokwambia mshono uko hapa. Isipokuwa *belasting*, kodi, ambalo ni kaidi: belasting|dienst, belasting|aangifte, bila s.

Gundi ya -en- ina hadithi yake. Chapati nyembamba za Kiholanzi ziliandikwa *pannekoek* mpaka mageuzi ya tahajia ya 1995, yalipoongeza n: pannenkoek. Wengi hawaitamki n hiyo hata leo, ni PAN-n'-kuk tu. Na *zonneschijn*, mwanga wa jua, haina n kwa sababu jua ni moja. Kanuni hizi zinawatoa jasho Waholanzi wenyewe. Wewe msomaji zikupite, zitakuhusu utakapoandika.

Pale irabu mbili zingegongana mshononi zikasomeka kama moja, wao huweka kistari na kukuokolea kazi: zee-egel, auto-ongeluk. Laiti wangefanya hivyo kila mahali.

Hatua ya 3: Jihadhari na jozi zinazotudanganya

Hapa ndipo Mswahili anapoanguka na wengine hawaanguki, na sijaona kitabu cha darasani kinachotuonya. Macho yetu yamefundishwa kwamba ng, th, dh, gh, sh ni sauti moja moja. Kwenye Kiholanzi mshono mara nyingi hupita katikati ya jozi hizo.

Tazama *huishouden*, shughuli za nyumbani. Jicho letu linaona *sh* ya shamba na kusoma “hui-shou-den”. Mshono uko huis|houden. S ni mwisho wa nyumba, h ni mwanzo wa kutunza: HUIS-hau-d'n. Nyote mnaotafuta kazi za usafi mtakutana nalo.

*Stadhuis*, jumba la mji: hakuna dh ya dhahabu hapa. Ni stad|huis, na d ya mwisho hugeuka t: stat-HUIS. *Gasthuis* vilevile, si th ya thamani: KHAST-huis. Na *gezondheid*, afya, ni kh'-ZONT-heit.

*Weghalen*, kuondoa, si gh ya ghali. Ni weg|halen: WEKH-haa-l'n.

Jozi kubwa kuliko zote ni *ng*. Ndani ya kipande kimoja cha neno la asili, ng ya Kiholanzi ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Kwa hiyo *opvang* huishia na ng', na *verzekering* huishia na ng'. Lakini mshono ukipita kati ya n na g, zinakuwa sauti mbili mbalimbali, n kisha ile g ya kukwaruza. Neno moja linaonyesha yote mawili kwa pamoja, nalo utalipata kila masika yanapokaribia: *belastingaangifte*, taarifa ya kodi unayopeleka serikalini. Mishono ni belasting|aan|gifte. Ng ya kwanza ni ng'ombe. Ng ya pili imekatwa katikati: b'-LAS-ting'-aan-khif-t'. Hivyohivyo *verkeersongeluk*, ajali ya barabarani: verkeers|on|geluk. Ukisema “ong'eluk” watakuelewa kwa kubahatisha.

Kuhusu hiyo g yenyewe, sisi tuna bahati. Mwenye kusema *kheri* na *ghali* kwa ufasaha wa pwani tayari anayo. Kaskazini na magharibi mwa Uholanzi huikwaruza kooni karibu na kh. Kusini, yaani Brabant, Limburg na Flanders ya Ubelgiji, huilainisha ikakaribia gh. Nimeiandika kh kote, wewe fuata majirani zako. Sisi tuliokulia bara tukisema “gali” inabidi tufanye mazoezi kidogo. Na *sch* ni s ikifuatiwa na kh, sauti mbili: *school* ni SKHOOL, si shule.

Hatua ya 4: Sasa kata silabi, kipande kwa kipande

Kanuni ni fupi. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda mbele: bo-men. Mbili hugawana: bom-men. Tofauti si ya karatasi tu. Silabi iliyo wazi huirefusha irabu, iliyofungwa huifupisha. *Bomen* ni miti, *bommen* ni mabomu. Chagua kwa uangalifu unapomweleza polisi umeona nini bustanini.

Viambishi vya mwanzo kama ver-, be-, ge-, ont- husimama peke yake: ver-ze-ke-ring, be-las-ting.

Lakini kanuni hizi hazivuki mshono. Katika kinder|opvang, r haiendi mbele kumfuata o. Ni kin-der-op-vang, si kin-de-rop-vang. Katika spoorweg|overgang, mahali barabara inapokatiza reli, ni spoor-weg-o-ver-gang, wala si “we-go”. Mwenyeji akisema haraka utasikia anaunganisha kidogo. Usimwige bado.

Hatua ya 5: Sikiliza kinachotokea mshononi

Mahali pa mshono sauti hubadilika, na ndiyo maana neno unalolijua kwa macho hulitambui kwa masikio. Mambo ni manne.

Kwanza, d na b mwishoni mwa kipande hugeuka t na p. *Avondeten*, chakula cha jioni, ni AA-vont-ee-t'. T hiyo ndiyo ushahidi wa mshono: d isingegeuka kama isingekuwa mwisho wa neno *avond*.

Pili, v na z zikitanguliwa na sauti kavu kama p, t, k, s, f au kh, nazo hukauka: *opvang* ni OP-fang', *zorgverzekering* ni ZORKH-f'r-zee-k'-ring', *verblijfsvergunning* ni v'r-BLEIFS-f'r-khu-ning'.

Tatu, b na d zina nguvu ya kuvuta za nyuma zifanane nazo. *Huisdier*, mnyama wa kufugwa, linasikika HUIZ-dir. *Zakdoek*, leso, linasikika ZAG-duk, kwa g ya gari hasa. Katika maneno yao ya asili, hiyo g yetu karibu huisikii kwingine.

Nne, sauti mbili zinazofanana zikikutana hutamkwa moja. *Handdoek*, taulo, ni HAN-duk. *Stationsstraat* ina s mbili kwenye maandishi na moja kinywani. Utajuaje basi kuandika mbili? Badilisha mkia: wanasema stations|plein kwa s, basi na stations|straat inayo ya gundi pamoja na ya mtaa.

Irabu sitazichambua zote. *Oe* ni u yetu, *ie* ni i yetu, hizo ni za bure. *Ei* na *ij* ni kama *ei* ya “bei” ikisemwa kwa mkupuo mmoja. Ila *-lijk* mwishoni husemwa l'k: persoonlijk ni p'r-SOON-l'k. *Ui* hailetwi na maelezo; simama sokoni karibu na muuza vitunguu, *uien*, usikilize.

Hatua ya 6: Piga nyundo moja tu

Kwenye neno ambatani mkazo mkuu hukaa katika kipande cha kwanza, kwenye silabi ambayo kipande hicho kingekazwa hata kikiwa peke yake. ZIEKtekostenverzekering, bima ya gharama za ugonjwa. KINderopvangtoeslag. Lakini beLAStingaangifte, kwa kuwa *belasting* peke yake hukazwa katikati. Vipande vya nyuma hubaki na mikazo yao midogo, kama mwangwi.

Mazoea yetu yanadai tukaze “-KE-ring” na “-GIF-te”. Yakatae. Mtu akikosea irabu mbili tatu huku mkazo uko mahali pake, Mholanzi anaelewa. Akipatia kila irabu na mkazo ukawa pengine, anaulizwa “Wat zegt u?” (unasemaje?) mara tatu, kama mimi usiku ule.

Wakaidi wapo: stadHUIS, boerenKOOL, burgeMEESter. Majina ya miji ni shahidi mzuri pia. Amsterdam ni bwawa la mto Amstel na Rotterdam ni bwawa la mto Rotte, yote mawili ambatani, na mkazo ni mwishoni kabisa: AmsterDAM, RotterDAM. Sisi tunasema “AmSTERdam” bila hata kufikiri. Na kwenye vitenzi mkazo hubadilisha maana: VOORkomen ni kutokea, voorKOmen ni kuzuia.

Hatua ya 7: Lijenge kutoka nyuma

Usijaribu kulitamka zima kwa pumzi ya kwanza. Chukua jitu hili la herufi 33, ambalo kila aliyejiajiri atalisikia: *arbeidsongeschiktheidsverzekering*. Sema mkia mara tatu: v'r-ZEE-k'-ring'. Ongeza kipande cha kati: ongeschiktheids, on-kh'-skhikt-heits. Humo mna mitego yetu miwili, n|g na t|h. Mwisho weka mbele kabisa arbeids, na mkazo mkuu uhamie huko:

AR-beits-on-kh'-skhikt-heits-f'r-zee-k'-ring'

Silabi kumi. Bima ya kutoweza kufanya kazi. V imekauka kwa sababu ya s, d zimegeuka t, na ng ya mwisho ni ya ng'ombe. Ukilimudu hili umelimudu lolote. Halafu utagundua kwamba wenyewe huliita AOV tu.

Hilo si dogo. Barua huandika neno zima, mdomo husema kifupisho. *Burgerservicenummer*, namba ya mkaazi yenye tarakimu tisa iliyoanza kutumika 2007, kila mtu huiita BSN. Jifunze vyote viwili, na kumbuka kwamba *service* katikati yake husemwa kwa mtindo wa Kiingereza. Kipande cha kigeni hubaki na sauti zake.

Kwa kujifurahisha, kuna neno linalopendwa na watu wa mafumbo, la herufi 49: *kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden*. Kanivali husherehekewa zaidi Brabant na Limburg, na hakuna mtu niliyemsikia akilitumia neno hili kwa dhati. Lakini pitisha kisu: kinder|carnavals|optocht|voorbereidings|werkzaamheden. Gundi ya s mara mbili. Soma kutoka mkiani: shughuli za maandalizi ya maandamano ya kanivali ya watoto. Mishono minne, viunganifu vinne, hakuna hata kimoja kilichobaki.

Kisu kinapokwama

Kuna maneno ambayo hata ukifuata hatua zote yanakubali kukatwa kwa njia mbili. *Massagebed* ni kitanda cha kukandwa, massage|bed, ama ni sala ya umati, massa|gebed. *Dijkramp* ni mkakamao wa paja, dij|kramp, au maafa ya tuta la bahari, dijk|ramp. *Kwartslagen* ni mizunguko ya robo, kwart|slagen, au matabaka ya kwatzi, kwarts|lagen. *Bommelding* ni taarifa ya bomu, lakini mgeni hulisoma bommel|ding na kujiuliza *bommel* ni mnyama gani. Hapa usijilaumu. Soma sentensi nzima kwanza, na ukiwa na mtu karibu mwombe alitamke: akisema massage kwa zh ya Kifaransa, ni kitanda.

Mimi kilinikwama dukani. Ilikuwa Desemba, nimetumwa na orodha ya vitu, na mstari wa nne ulisema *kerstomaatjes*. Krismasi ni *kerst*, bibi ni *oma*, na -tje hufanya kitu kidogo. Nikatafuta kwenye rafu ya mapambo, kati ya malaika na mipira ya kung'aa, hivyo vibibi vidogo vya Krismasi. Mfanyakazi niliyemwuliza alinyamaza kidogo, kisha akanipeleka upande wa mboga. Kers|tomaatjes. Vinyanya vidogo kama cheri, pakiti ya gramu 250.